Shangazi, baridi imetufungia ndani na hawa wawili

Mwezi huu nimefungua barua nikashangaa, karibu zote zimetoka kwa wenye watoto wawili wa kiume, wadogo wote, na baridi imewafungia ndani. Nimechagua chache nizijibu hapa, nyingine zinafanana kwa hiyo kama hukuiona yako soma ya mwenzio. Na mimi nimelea wawili wa kiume waliopishana mwaka mmoja na miezi minane, kwenye nchi ya theluji, kwa hiyo mengi ya hapa yamepita mikononi mwangu.

SWALI: Shikamoo shangazi, naandika haraka haraka ndo wamelala. Nina wawili wa kiume, mkubwa miaka 5 na mdogo anakaribia 3. Asubuhi kwangu ni vita yaani sio utani. Namvalisha mkubwa, nikigeuka nimshike mdogo mkubwa keshavua soksi anasema inamuumiza vidoleni, namrudia, mdogo kakimbia na buti moja, nikija kumaliza wote, sweta, suruali ya theluji, jaketi, kofia, glavu, na mimi sasa najivalia langu, ndo mdogo anasema mama mkojo. Kila siku ya Mungu ni mama mkojo. Jana nilikaa chini pale mlangoni nikalia na glavu zao mkononi. Baba yao anatoka saa 11 alfajiri kwa hiyo niko peke yangu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Hapo mlangoni ulipokaa na mimi nimewahi kukaa, na wanangu sasa ni wanaume wazima lakini nikiona glavu ndogo bado naukumbuka ule mlango.

Kwenye barua yako kuna kitu kimoja nimekiona, wewe unavaa wa mwisho. Geuza. Vaa wewe kwanza, kila kitu mpaka buti, jaketi tu liache wazi, halafu ndo uwashike wao. Mtoto aliyevalishwa nguo za nje akasimama ndani ya nyumba yenye joto dakika kumi akikusubiri lazima atoke jasho, akitoka jasho anakasirika anaanza kuvua, na hata asipovua mkifika nje lile jasho linapoa mwilini anatetemeka. Nusu ya hiyo vita yako si utundu mwanangu, ni joto. Mimi siku nilipolijua hilo asubuhi zangu zilibadilika kabisa.

Mkojo sasa. Usimuulize kama anao, atasema hana na wala hadanganyi, kwa dakika ile kweli hana. Msalani wanaenda wote wawili kabla ya suruali ya theluji, ndo hatua ya kwanza ya kuvaa kama vile nayo ni nguo, wiki moja tu watazoea na mkubwa ndo atakuwa anamkumbusha mdogo.

Soksi zile zinazomuumiza mkubwa, angalia mshono wa mbele. Kuna watoto wanasikia kila uzi. Mvalishe nje-ndani ule mshono ukae upande wa buti, kelele zitaisha. Na usimvalishe soksi mbili kama buti inabana, watu wengi wanafanya hivyo kumpa joto kumbe mguu uliobanwa ndo unapoa zaidi, damu haipiti vizuri na ile hewa ya kushika joto haina pa kukaa.

Huyo wa miaka 5 anaweza kujivalisha jaketi mwenyewe ukimfundisha hivi: lilaze sakafuni limefunguliwa, upande wa ndani uangalie juu, kola iwe pale miguuni pake. Ainame, aingize mikono, alirushe juu ya kichwa lidondoke mgongoni. Mdogo naye akimuona kaka yake anarusha atataka kurusha, na hapo utakuwa umepata wasaidizi wawili wa bure. Usiku kabla hujalala zipange nguo zao sakafuni kwa mstari kama mtu aliyelala chali, chupi mpaka kofia, kila mmoja na mtu wake. Wanangu walikuwa wanawapa majina hao watu wa sakafuni.

Ya ndani kabisa isiwe ya pamba, pamba ikilowa jasho inabaki imelowa, tafuta ya sufu au zile za nyuzi za kiwandani zinazokauka haraka, juu yake sweta, juu ya sweta ndo lile linalozuia upepo na maji. Glavu za mfuko, zile ambazo vidole vinne vinakaa pamoja na gumba peke yake, zina joto kuliko za vidole kwa sababu vidole vinapashana. Za mdogo mvalishe kabla ya jaketi, mkono wa jaketi uzifunike, hapo hazivuki ovyo. Skafu ndefu mimi siipendi kwa watoto wa kucheza, inaweza kunasa kwenye bembea ikamkaba, kuna vile vya shingo vya duara vinavyovaliwa kama sweta lisilo na mikono, chukua hivyo. Na ukitaka kujua kama mtoto ana baridi usishike mikono, ingiza kidole nyuma ya shingo chini ya kola. Pakiwa na joto kavu yuko sawa, pakiwa pamelowa umemvalisha sana, pakiwa pa baridi ongeza au mrudishe ndani.

SWALI: Habari za kazi shangazi. Mimi ni baba, kazi yangu ni ya zamu kwa hiyo mara nyingi mchana nipo na watoto mimi, miaka 4 na 6. Tunaishi ghorofa ya pili. Tangu baridi ianze hawatoki, na wanapigana kuanzia wanaamka, wanaruka kutoka kwenye kochi, jirani wa chini ameshagonga mara tatu. Nikiwawashia katuni wanatulia ila nikizima inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Mke wangu anasema nimewazoesha tableti. Sasa kama nje ni barafu nifanye nini kingine?

JIBU: Nzuri baba, na nimefurahi umeandika wewe, wababa wanaandika kidogo sana kwenye ukurasa huu.

Jibu langu ni kutoka. Najua umesema nje ni barafu, ndo hukohuko nakupeleka. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa miongozo, mtoto wa miaka 3 na 4 anatakiwa awe anajisogeza dakika zisizopungua 180 kwa siku, na katika hizo 60 ziwe za kutoa jasho, na muda wa kukaa mbele ya skrini usizidi saa moja, ikipungua ndo vizuri. Huyo wa 6 anahitaji wastani wa dakika 60 za kuhema kila siku. Sasa piga hesabu watoto wako tangu waamke wamepata ngapi, halafu zile ambazo hawakuzipata wanazitafutia wapi, si kwenye kochi na kwenye mbavu za mwenzake? Mimi siwaoni kama wagomvi hao. Ni miili inadai haki yake. Ndo maana pia ukizima katuni wanalipuka, ile saa nzima mwili umekaa unalimbikiza.

Usitafute safari ndefu. Mara mbili kwa siku, dakika 20 mpaka 30, na ya kwanza iwe asubuhi kabla ugomvi haujaanza, maana ukisubiri wapigane ndo utoke unatoka na hasira na wao wanatoka wanalia, hakuna atakayefurahi. Na wape kazi, watoto wa kiume wa umri huo ukiwaambia mkacheze wanasimama wanakuangalia lakini ukiwapa koleo dogo uwaambie wasafishe njia mpaka getini wanajiona watu. Wape fimbo yenye alama wapime theluji kila siku sehemu ileile. Jioni jazeni maji kwenye makopo mtie rangi, yaacheni nje, asubuhi wanatoka mbio bila kuitwa kwenda kuangalia barafu zao. Kufuata nyayo pia, za ndege, za paka, za mtu aliyepita, mwanangu mdogo alikuwa anaweza kufuata nyayo za paka nusu saa nzima asiseme amechoka.

Ila kuna mambo matatu sikubembelezi. Kuteleza kilimani mtoto akae, miguu itangulie, kamwe asilale kwa kichwa mbele, na pale chini mwisho wa mteremko pasiwe na barabara wala mti wala maji. Mahandaki ya kuchimba kwenye theluji, hasa kwenye marundo ya kando ya barabara, hapana, yanaporomoka hayo na gari la kusukuma theluji haliwezi kumuona mtoto aliye ndani. Na bwawa lililoganda haligusi mtu mpaka mtu mzima anayejua unene wa barafu ya pale aseme sawa, hata kama watoto wengine wapo juu yake. Upepo nao uangalie, kwenye utabiri kuna ile namba ya baridi jinsi mwili unavyoisikia na upepo ukiwemo, ikifika nyuzi 28 chini ya sifuri ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 mpaka 30. Siku hiyo ndo ya kukaa ndani kweli.

Na siku ya ndani toa godoro uliweke sakafuni, mpigane mieleka nao, wewe baba, sheria mbili tu: ni juu ya godoro, na anayesema basi mchezo unasimama palepale hata kama ulikuwa unashinda. Hiyo ya kusema basi watakuja kuitumia maisha yao yote. Kazi nzito pia inatuliza, kusukuma kapu la nguo lililojaa koridoni, kuhamisha vitabu kutoka chumba hiki kwenda kile na kuvirudisha. Jirani wa chini shuka ukamsalimie na watoto mkononi, mwambie saa fulani mpaka saa fulani ndo za mieleka, baada ya hapo kimya. Mtu akijua kelele zitaisha saa ngapi anazivumilia. Katuni baki nayo, saa yako hiyohiyo moja, ila iwe baada ya nje sio badala ya nje.

SWALI: Shangazi shikamoo. Wanangu ni miaka 2 na 4. Tangu baridi ianze hakuna wiki makamasi yamekauka, mkubwa analeta kutoka chekechea, mdogo anapokea, wakipona narudia mimi. Mama mkwe wangu yuko na sisi na anasema ni mimi nawatoa nje kwenye baridi, kila nikifungua mlango anaguna. Naogopa kumjibu maana ni mama. Ana dawa za antibiotiki zilibaki za mwaka jana anataka tumpe mdogo. Je ni kweli baridi ndo inawaumiza?

JIBU: Marahaba. Mama mkwe wako anawapenda wajukuu, tuanzie hapo, na hata kwa vizazi vyetu sisi wote tuliambiwa baridi ndo inaleta mafua. Kinacholeta ni virusi, viko vya aina nyingi mno, na vinapita kirahisi watu wakijifungia pamoja chumba kimoja madirisha yamefungwa. Kwa hiyo kule nje unakowapeleka ndo kuna virusi vichache kuliko hapo sebuleni. Mtoto mdogo, hasa anayeenda chekechea, kuugua mafua mara 6 mpaka 8 kwa mwaka, hata zaidi, ni kawaida kabisa, na kikohozi cha mafua moja kinaweza kuvuta wiki mbili tatu, kwa hiyo ukipiga hesabu unaona kwa nini hayakauki, moja haijaisha nyingine imebisha hodi. Haimaanishi kinga yao mbovu na haimaanishi wewe ni mama mbaya.

Zile dawa zilizobaki usimpe. Antibiotiki haiui virusi hata kimoja, na dawa iliyopimiwa mtu mwingine ugonjwa mwingine haifai. Mwambie mama kwa adabu, mama naomba tumsubiri daktari aseme, hapo humbishii yeye, unamsukumia daktari. Na mpe kazi ambayo kweli inasaidia, matone ya maji ya chumvi puani kabla ya kulala na kabla ya kula, vinywaji vya uvuguvugu mara kwa mara, na asali kijiko kidogo usiku kwa kikohozi maana wote wameshapita mwaka mmoja (aliye chini ya mwaka asali hapana hata kidogo, inaweza kumletea sumu ya botulizimu). Siropu za kikohozi za dukani kwa umri huo usinunue bila kuuliza daktari, na aspirini mtoto hapewi. Bibi anayeingoja saa ya kuweka matone hatakuwa na muda wa kuguna mlangoni.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Usisubiri kesho ukiona anapumua mbio, au mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi, au pua inapanuka, au analala sana hata ukimuamsha hashtuki kama kawaida yake, au hanywi na amekaa nusu siku bila kukojoa, au midomo imebadilika rangi. Kwa mtoto mweusi rangi ya midomo inadanganya, angalia fizi na ulimi, zikiwa za kijivu au bluu ni dharura. Na yeyote anayesoma hapa mwenye kichanga chini ya miezi 3, homa ya 38 ni ya kwenda hospitali saa ileile, hata kama anaonekana anacheza.

SWALI: Habari shangazi. Swali fupi. Dada wa kliniki kaniambia niwavue watoto makoti kwenye gari. Kwenye baridi hii? Nimeona kama kakosea.

JIBU: Hajakosea, mshukuru. Koti nene limejaa hewa, mkanda wa kiti cha mtoto unaukaza unaona umebana kumbe umebana koti, gari likigonga ile hewa inatoka yote sekunde ileile na mtoto anabaki na mkanda uliolegea. Mvue, mkaze na sweta lake, jaribu kuubana mkanda kwa vidole viwili pale begani, ukipata mkunjo wa kushika bado umelegea. Ukishamaliza koti lake mgeuzie, mgongo wa koti uwe mbele kama blanketi, mikono aingize. Wakisikia joto gari likipata moto wanalitoa wenyewe.

SWALI: Shangazi, hita ya chumbani imekufa na fundi anakuja baada ya siku mbili. Mume wangu anasema tuingize jiko la mkaa chumbani kwa watoto usiku, tufunge mlango. Naona kama sio vizuri ila sina hoja.

JIBU: Usikubali mwanangu, hata usiku mmoja, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Mkaa unaowaka unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, mtu anasinzia tu haamki, na watoto inawamaliza haraka kuliko wakubwa kwa sababu wanapumua haraka zaidi. Hoja ni hiyo na inatosha. Lala nao wote chumba kimoja hizo siku mbili, mchukue kile ambacho hita yake nzima, muwavalishe za sufu na soksi. Kama kuna hita ya kuhamisha ikae mita moja kutoka kwenye kitanda, pazia na nguo, na izimwe mkilala. Kile kifaa cha kulia king'ora cha kaboni monoksaidi nunueni kabla ya kitu kingine chochote.

SWALI: Shangazi, mwanangu mdogo wa miaka 4 kalamba nguzo ya chuma, kaka yake ndo alimwambia. Ulimi ukaganda nikauvuta ukatoka damu. Nimejuta mpaka leo.

JIBU: Pole yake na yako pia. Chuma kinanyonya joto la ulimi haraka kuliko damu inavyoweza kulirudisha, mate yanaganda hapohapo yanakuwa gundi. Hauvutwi. Unamshika kichwa atulie, unamwagia maji ya uvuguvugu pale ulipogusana, ukiwa huna maji puliza pumzi yako ya moto ukiwa umekinga kwa mikono, unaachia wenyewe. Kidonda cha ulimi kinapona haraka, siku chache. Huyo kaka yake usimpige, muoneshe kwa kitambaa kilicholowa jinsi kinavyonata kwenye chuma hichohicho, hatamwambia mtoto mwingine tena.

SWALI: Shangazi nisamehe barua ni ndefu. Nina wawili, miaka 3 na 6. Saa 10 jioni giza. Mdogo anadhani ni usiku anataka kulala, akilala anaamka saa 9 usiku anataka kucheza. Mimi nimechoka kwa namna ambayo siwezi kuieleza, nalala naamka nimechoka, sitaki kuongea na mtu, na nimeanza kuwapigia kelele watoto. Juzi mkubwa aliniuliza, mama umekasirika na sisi au umekasirika tu? Sikuwa na jibu. Niliingia bafuni. Kipindi cha jua sikuwa hivi kabisa. Nina aibu.

JIBU: Mwanangu, barua yako nimeisoma mara tatu na siku nzima nimekaa nayo. Usiombe msamaha kwa urefu.

Nianze na swali la mkubwa wako, maana linangoja. Mrudie leo, hata kama ni siku nyingi zimepita, watoto hawasahau maswali ya namna hiyo. Kaa chini mlingane macho umwambie, siku ile uliniuliza, sijakasirika na nyinyi, mama amechoka sana na giza hili linamchosha zaidi, kelele ile haikuwa haki yenu na naomba radhi. Maneno hayo tu. Usiongeze lakini, usiseme lakini na nyinyi mnasumbua. Mtoto wa miaka 6 akijua kwamba hasira si kosa lake analala vizuri. Mimi sikuambiwa hivyo na mtu, nilichelewa kuwaomba wangu radhi na ningependa wewe usichelewe.

Sasa wewe. Uliponiambia kipindi cha jua hukuwa hivi ndo umenipa ufunguo. Kuna sonona inayokuja na majira, inakuja siku zikifupika na kuondoka mwanga ukirudi, mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake waliieleza kwenye utafiti wao na tangu hapo inatibiwa kama ugonjwa mwingine wowote. Dalili zake ni hizo unazozitaja, kulala bila kupumzika, kutotaka watu, hasira za karibu. Mwanga mdogo unavuruga saa ya ndani ya mwili. Aibu haina nafasi hapo, ni sawa na kuona aibu kwa kuwa na malaria. Kama imepita wiki mbili hali ni hiyo karibu kila siku nenda kwa daktari ukamwambie kama ulivyoniambia mimi, hata umsomee hii barua. Muulize kuhusu taa maalumu ya mwanga mkali, ile ya laksi 10,000 (laksi ni kipimo cha mwanga), watu hukaa mbele yake dakika 20 mpaka 30 asubuhi, ila mwenye matatizo ya macho au ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi (baipola) asianze bila daktari. Na kama yamekujia mawazo ya kutotaka kuishi hiyo si ya kungoja miadi, mwambie mtu leo hii, nenda hospitali leo.

Wakati unangoja, tafuta mwanga wa mchana kila siku, saa 6 hadi saa 8 ndo jua liko juu zaidi, toka na hao watoto hata robo saa, hata kukiwa na mawingu, mwanga wa nje wa siku ya mawingu unazidi wa ndani mara nyingi sana. Yule mdogo naye anauhitaji huohuo, ndo utakaomrudishia usingizi wake. Asubuhi fungua mapazia na washa taa zote, saa 10 jioni giza likiingia washa tena taa zote nyumba ing'ae, mpeleke akaoge maji acheze, msogeze mpaka saa 1 hivi. Taa zipunguze nusu saa kabla ya kitanda. Wa miaka 3 anahitaji saa 10 mpaka 13 kwa siku nzima pamoja na usingizi wa mchana, kwa hiyo akilala saa 10 jioni saa 9 usiku keshamaliza kabisa, hana kosa. Akiamka usiku usiwashe taa wala kumchezesha, maji, blanketi, kimya.

Na vitamini D uliza hukohuko kwa daktari, yako na yao, hasa kama ngozi yenu ni nyeusi, jua la kipindi hiki ni dhaifu na ngozi yetu inahitaji jua jingi zaidi kuitengeneza, na la kupitia kioo cha dirisha halisaidii kwa hilo. Kwa watoto wadogo kiwango huanzia mikrogramu 10 kwa siku, ndo zile yuniti 400. Mtoto asiyeipata anaweza kupata matege.

Mwezi ujao niandikie mwanangu. Hata mistari miwili. Nitaiangalia ya kwako kwanza.

SWALI: Shikamoo shangazi, mdogo hataki kabisa jaketi la kaka yake. Ni zima, zuri, joto. Analia ni la kaka, ni la kaka. Nimnunulie jipya?

JIBU: Marahaba. Usinunue kwanza. Mwite mkubwa, mwambie amkabidhi yeye mwenyewe kwa mkono wake, amuonyeshe mfuko wa siri alipokuwa anaficha mawe, zipu inakwama wapi na inafunguliwaje. Halafu mwache mdogo achague kitu kimoja chake cha kushona juu, kiraka cha nyota au gari au herufi ya jina lake, ushone akiona. Kwangu kilikuwa kiraka chekundu cha samaki, na jaketi lilivaliwa mpaka mikono ikafika kwenye viwiko.